Mchoma nyama wa Burma aliyeacha kuokoka kila Jumapili

Saa nne asubuhi, Jumamosi, moshi umeshaanza kutanda chini ya mabati ya Soko la Burma, Nairobi. Frankline Andati amesimama mbele ya jiko refu la makaa, aproni yake imeshika mafuta hadi magotini, na anaimba. Sauti yake si nzuri. Wateja wanaosubiri mbavu za mbuzi hawalalamiki, kwa sababu mkono wake ni mzuri.

Anageuza paja moja, analinyunyizia maji ya chumvi, anarudi nyuma kidogo moto unapopanda, kisha anauendeleza ubeti pale alipouachia.

“Bado, mkubwa?” kijana mmoja mwenye jezi anamuuliza.

“Nyama haisukumwi,” Andati anamjibu. “Kaa, kunywa supu. Ikiiva utajua.”

Andati ana miaka arobaini na mitatu, na kwa karibu miaka ishirini amechoma nyama katika bucha hii. Siku nzuri huondoka na shilingi elfu moja na ushee. Siku mbaya, hasa katikati ya mwezi, hupata nusu ya hizo na kipande cha shingo cha kupeleka nyumbani Jericho, anakoishi na mkewe Phelister katika zile nyumba za zamani za baraza la jiji.

Anayemlipa ni Burale, mwenye bucha, mzee wa Kiislamu aliyezaliwa Eastleigh na ambaye huketi nyuma ya mizani akiwa na kikombe cha chai ya maziwa. Ukimuuliza Burale kuhusu mfanyakazi wake, kwanza anacheka.

“Huyu alikuwa anaokoka kila wiki,” anasema. “Wallahi, kila wiki. Jumatatu anakuja hapa ananiambia, ‘Mzee, jana nimeokoka.’ Namuuliza, ‘Na ile ya wiki iliyopita ilienda wapi?’ Mimi ni Mwislamu, mambo ya kanisa siyajui. Lakini nilikuwa naona huyu ndugu yangu hana raha na Mungu wake.”

Andati, anayesikia yote akiwa jikoni, anatikisa kichwa akitabasamu. Hakatai hata neno moja.

Kwa miaka mingi watu wa Jericho walimjua kwa jambo hilo. Mhubiri akitoa mwito kwamba anayetaka kumpokea Yesu asogee mbele, Andati alikuwa wa kwanza kusimama. Alisogea mbele kanisani kwake. Alisogea mbele katika makanisa ya mitaa ya Umoja na Donholm alikoalikwa harusi. Krusedi ilipofanyika katika uwanja wa Camp Toyoyo, alisogea mbele siku ya kwanza, na siku ya pili akasogea tena. Amebatizwa kwenye mto, kwenye tangi la plastiki na kwenye bwawa la kuogelea la hoteli moja ambalo kanisa lililikodisha kwa asubuhi moja.

“Watu walidhani nina dhambi kubwa ninayoificha,” anasema. “Sikuwa nayo. Nilikuwa na zile za kawaida. Nikimfokea mteja Jumanne, najiambia basi, nimeshatoka. Nakaa nje Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Nangoja Jumapili nirudi ndani. Halafu Jumanne inafika tena.”

Mchungaji wake, Rhoda Khavere, anayeongoza kanisa dogo la mabati karibu na soko la Jericho, anakumbuka alivyojaribu kumtuliza.

“Nilimwambia, ‘Ndugu Andati, Mungu hakukopeshi wokovu akunyang’anye kesho. Anakupenda.’ Ananijibu, ‘Amen, Pasta,’ kwa moyo wote. Jumapili ijayo namwona huyo anakuja mbele akilia. Nilifika mahali nikawa namwombea kwa maneno yale yale.”

Ukitaka kuelewa hofu hiyo, Andati anasema, inabidi urudi Makongeni, katika nyumba za reli alikokulia. Baba yake alifanya kazi ya reli. Alikuwa mtu wa saa, mtu wa viatu vilivyong’arishwa, na watoto wake hawakulala njaa hata siku moja. Lakini mtoto aliyekosea alikuta mlango umefungwa.

“Hakuwa akinipiga,” Andati anaeleza. “Alifunga mlango tu. Nimevunja sahani, mlango. Nimeshika mkia darasani, mlango. Naenda kulala kwa jirani. Kesho yake au keshokutwa ananiambia, ‘Ingia.’ Naingia. Lakini sikujua nimeingia kwa muda gani.”

Anapangusa jasho kwa mkono wa shati.

“Baba alipofariki nilimzika kwa heshima, kwa sababu alitulea. Ila nilipokuwa mkubwa nikaambiwa kwamba Mungu ni Baba, akili yangu ilikimbilia mlango ule.”

Mwaka 2022, mtoto wa kike aliletwa nyumbani kwake.

Elsie alikuwa na miaka minane. Mama yake, binamu ya Phelister, alikuwa amefariki, na baba hakujulikana aliko. Tangu mazishi, jamaa walikuwa wamempokezana: Dandora kidogo, Kayole kidogo, halafu kwa shangazi mmoja huko Kware, katika zile ghorofa zilizosongamana karibu na mtaa wa Pipeline. Shangazi alipopata kazi mbali akasema hawezi tena. Phelister aliposikia, alimwambia mumewe wakila chakula cha jioni.

“Nilimwambia, ‘Baba Laban, kuna mtoto,’” Phelister anasimulia. “Hakuniuliza ni wa nani wala atakula nini. Aliniuliza, ‘Anakuja lini?’”

Mtoto alikuja na begi la shule lenye zipu mbovu. Ndani yake mlikuwa na nguo zake zote, na hakutaka kuzitoa. Phelister alimpa droo nzima kabatini. Elsie alisema asante, akaiacha tupu. Alilala na viatu. Asubuhi, kabla mtu yeyote hajaamka, alikuwa ameshaosha vyombo na kufagia, akasimama pembeni kama mgeni anayesubiri kuaga.

Na kila jioni Andati aliporudi kutoka Burma akinuka moshi, mtoto alimsubiri mlangoni.

“Anko, leo nalala hapa?”

“Unalala hapa,” Andati alimjibu.

“Na kesho?”

“Na kesho.”

Kesho yake aliuliza tena. Ikapita miezi. Laban, mtoto wao wa kuzaa anayesoma shule ya bweni, alirudi likizo akayasikia maswali hayo, akamwambia mama yake kwamba huyu msichana hasikii anachoambiwa. Phelister alimwambia anyamaze.

“Anasikia,” anasema Phelister. “Tatizo lilikuwa kwamba alishaambiwa hayo kwingine pia.”

Phelister ni fundi wa nguo mwenye kibanda katika soko la Jericho, na kazi inapozidi huimalizia nyumbani. Mwaka uliofuata, Ijumaa moja ya mwezi wa nane, alirudi na gauni la satini la zambarau la mteja mmoja ambaye binti yake alikuwa anaolewa Jumapili. Lilikuwa limebaki kunyooshwa na kutiwa vifungo tu. Asubuhi ya Jumamosi alitoka kwenda kununua vifungo. Elsie, kwa nia ya kumpunguzia kazi, alichomeka pasi kwenye umeme.

Satini haitaki moto mkali. Phelister aliporudi, nyumba ilinuka kitambaa kilichoungua. Gauni lilikuwa juu ya meza, kifuani pake pana alama nyeusi ya pasi. Mtoto hayupo. Begi halipo. Kitanda kimetandikwa vizuri sana.

Alimpigia mumewe simu. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ambayo watu hupanga foleni Burma hadi nje ya geti.

“Simu ilikuwa mfukoni mwa aproni,” Burale anakumbuka. “Akaisikiliza, kisha akaweka koleo chini. Nikamwambia, ‘Andati, unaenda wapi, watu wote hawa?’ Akasema, ‘Mzee, mtoto wangu amepotea.’ Nilikuwa namjua Laban. Nikamuuliza, ‘Laban?’ Akasema, ‘Wa kike.’ Basi nikavaa ile aproni mwenyewe. Siku hiyo wateja walikula nyama mbaya.”

Walimtafuta sokoni, shuleni, kanisani. Phelister ndiye aliyewaza Kware. Andati alipanda bodaboda, na njia nzima, anasema, hakuomba maombi marefu. Alisema tu, “Mungu, nionyeshe alipo.”

Chini ya ghorofa alikoishi yule shangazi, kwenye ngazi ya kwanza, Elsie alikuwa ameketi amekumbatia begi lake. Alikuwa ametembea kutoka Jericho akiuliza njia. Miguu yake ilikuwa imejaa vumbi hadi magotini. Pembeni yake alikaa mama mmoja anayeitwa Halimo, anayeuza sambusa mlangoni mwa jengo hilo, ambaye alikuwa amemnunulia maziwa na kukataa kumwacha peke yake.

Halimo hakumpisha Andati kirahisi.

“Nilimwona mwanamume ananuka moshi, ana damu ya nyama kwenye shati,” anasema Halimo. “Nikasimama katikati. Nikamwambia, ‘Wewe baba, huyu mtoto ni nani wako?’”

“Mimi ni baba yake,” Andati alijibu.

Anasema lilimtoka bila kulipanga. Hakuwa amewahi kulisema kabla ya hapo, hata kwa Phelister. Halimo alimgeukia mtoto amuulize kama ni kweli, lakini Elsie alikuwa anamtazama Andati.

“Nilikuja mwenyewe kabla hujanirudisha huku,” mtoto alisema.

Andati aliketi kwenye ngazi, chini yake kidogo, ili nyuso zao zilingane.

“Nani alisema nakurudisha?”

“Si nimeharibu gauni?”

“Umeliharibu.”

“Mama Laban amekasirika?”

“Amekasirika sana. Na ameogopa kuliko alivyokasirika.”

“Sasa tunaenda wapi?”

“Nyumbani,” Andati alimwambia. “Simama, nipe begi nikubebee.”

Halimo aliwafungia sambusa za njiani na akakataa kulipwa. Yeye na Phelister sasa ni marafiki, na sikukuu za Idi hutuma sahani ya pilau hadi Jericho.

Nyumbani, Phelister alimkumbatia mtoto kwa muda mrefu, akamwogesha, akampa ugali. Kesho yake, baada ya kumaliza gauni jingine alilolishona tangu machweo ili harusi isiharibike, alimketisha Elsie na kumgombeza.

“Nilimgombeza vizuri,” anasema bila kuona haya. “Pasi ya umeme si mchezo, angejichoma. Nilimgombeza kama ninavyomgombeza Laban, kwa sauti ile ile. Na nikiwa katikati ya maneno nikamwona anaacha kutetemeka. Ananisikiliza tu. Nadhani alikuwa anangoja niseme ‘ondoka,’ na nikamaliza yote bila kulisema.”

Mambo hayakubadilika siku ile. Swali la jioni liliendelea wiki mbili tatu zaidi, ingawa kwa sauti ya chini. Viatu vilivuliwa kwanza. Kisha siku moja Phelister akafungua ile droo akakuta soksi mbili.

Halafu ikaja jioni ambayo Andati bado anaisimulia kwa mtu yeyote atakayekubali kuketi. Alirudi kutoka kazini, mlangoni hakuna mtu. Ndani, Elsie alikuwa amelala kifudifudi kwenye kochi, viatu vya shule vimetupwa kila kimoja upande wake, anasoma. Hakuinua macho. Phelister alifunua sufuria, na mtoto akanyanyua kichwa kuchungulia.

“Sukuma wiki tena?” akasema. “Jana si tulikula sukuma?”

Phelister aligeuka kumjibu akamkuta mumewe hayupo. Alikuwa ametoka nje, ameegemea ukuta wa jirani, na mabega yanamtikisika.

“Nilidhani ana maumivu,” Phelister anasema. “Kumbe anacheka. Halafu nikaona machozi. Nikamuuliza, ‘Baba Laban, kuna nini?’ Akaniambia, ‘Umemsikia? Analalamika. Amefika.’”

Jumapili hiyo walikwenda kanisani wote watatu. Mchungaji Khavere alihubiri, kwaya ikaimba, na mwishoni akatoa mwito kama kawaida. Andati, kwa mazoea ya miaka yote hiyo, akaanza kuinuka. Elsie akamshika mkono wa shati.

“Unaenda wapi?”

“Naenda mbele kuokoka.”

“Si uliokoka ile siku nyingine?”

Waliokuwa benchi la nyuma walisikia na kuanza kuficha vicheko. Andati alibaki nusu amesimama, nusu ameketi. Anasema katika muda huo mfupi aliziona jioni zote za mlangoni, na safari hii yeye ndiye aliyekuwa na begi mkononi.

“Nilijiuliza, mimi mwenyewe nimemwambia mtoto huyu unalala hapa, mara ngapi? Na je, niliwahi kuchoka naye? Niliwahi kufikiria kumrudisha? Hata gauni liliponuka moshi, hapana. Nilikuwa natamani siku moja tu anisadiki. Sasa kama mimi, mchoma nyama wa Burma mwenye hasira za Jumanne, naweza kumpenda mtoto hivyo, Mungu je? Miaka yote hiyo nimekuwa nasimama mlangoni kwake namuuliza kama nalala. Naye ananiambia lala, mwanangu, na mimi sitoi nguo kwenye begi.”

Akaketi. Anasema aliketi kama mtu aliyefika kwake baada ya safari, akanyoosha miguu chini ya benchi la mbele.

Kule mbele, Mchungaji Khavere alitazama mstari wa waliokuja, akauona una pengo.

“Kwanza niliogopa,” anakiri akicheka. “Nilidhani Ndugu Andati ni mgonjwa. Nikamtafuta kwa macho, nikamwona ameketi na mtoto amemlalia begani, uso wake unang’aa. Niliwaombea waliokuja, lakini moyo wangu ulikuwa kwenye benchi lile. Miaka yote nimehubiri juu ya upendo wa Mungu. Siku ile nilimwona mtu ameukalia.”

Je, tangu hapo hakosei? Burale anajibu swali hilo kabla ya mwenyewe.

“Anakosea. Juzi alimfokea mteja aliyerudisha ini. Zamani angekaa na uso mrefu hadi Ijumaa. Sasa alimfuata yule mtu hadi kwenye gari, akamwomba msamaha, akarudi anaimba. Kuimba kwenyewe ndiko kunanishinda.”

Andati anasema tofauti ni hiyo hasa. Zamani aliomba msamaha ili arudishwe ndani. Siku hizi anaomba akiwa ndani, na kwa hiyo haoni aibu kuuomba upesi. Bado husimama wakati wa mwito, mara nyingine, ila ni kumsindikiza mtu mwingine anayeogopa kwenda mbele peke yake.

Elsie sasa ana miaka kumi na mmoja na anapenda hesabu kuliko Kiswahili. Mwanzoni mwa mwaka huu, wakiwa mezani, aliweka kijiko chini na kusema jambo ambalo hakuwa amelitaja tangu afike.

“Niko na ndugu,” alisema.

Phelister alijua kwamba binamu yake aliacha pia mtoto mchanga wa kiume, lakini aliambiwa kwamba upande wa baba ulimchukua na kwamba yuko salama. Elsie alijua zaidi. Anaitwa Obura, ana miaka sita, na yuko Siaya kwa mzee mmoja wa ukoo ambaye sasa macho yamemwishia na anapikiwa na majirani.

“Nilimuuliza kwa nini hakutuambia mapema,” Phelister anasema. “Akanijibu kwamba aliogopa wakiwa wawili, watafukuzwa wote wawili. Sasa ameona nafasi ipo.”

Walipiga simu. Yule mzee alilia kwa shukrani. Chifu wa huko na afisa wa watoto wamekubali, na Obura atakuja Nairobi shule zitakapofungwa. Fundi seremala mmoja wa Jericho anatengeneza kitanda cha ghorofa, na Elsie ameshatangaza kwamba juu ni kwake. Laban ameandaliwa godoro la sebuleni na amekubali kwa masharti ya kupewa chaja mpya.

Burale amempa Andati Jumamosi nzima, tena ya mwisho wa mwezi, ili aende Siaya mwenyewe. Anasema safari hii amemtafuta mchomaji wa kushikilia zamu, kwani wateja wake hawatamsamehe mara ya pili.

Jikoni, mbavu zimeiva. Andati anazitua kwenye ubao, anazikatakata kwa haraka, anazisukuma mbele ya kijana mwenye jezi pamoja na kachumbari na chumvi pembeni. Kisha anapangusa mikono na kutoa simu kuonyesha picha aliyotumiwa na chifu. Haionekani vizuri. Ni mvulana mwembamba amesimama mbali, mbele ya nyumba ya udongo.

“Namjua jina tu, na kwamba anaogopa kuku,” anasema. “Hajui kama niko duniani. Lakini juzi nilikuwa nanunua mchele nikajikuta nanunua wa watu watano. Nimeshampenda, unaona? Hajafanya lolote, hata kunisalimia bado. Nataka tu afike, ale, alale.”

Anaitazama picha tena, anarudisha simu mfukoni, na kurudi kwenye moto.